Uchaguzi wa Japani wa 1942 na Orodha Isiyotimia

Tarehe 30 Aprili 1942 wanaume wa Japani walikwenda vituoni kuchagua wajumbe wa Baraza la Wawakilishi. Singapore ilikuwa imetekwa Februari, rasi ya Bataan huko Ufilipino ilikuwa imesalimu amri wiki tatu zilizotangulia, na ndege za Marekani zilikuwa zimeangusha mabomu yao ya kwanza jijini Tokyo siku 12 tu kabla ya kura. Jenerali Tojo Hideki, aliyeshika uwaziri mkuu tangu Oktoba 1941, alikuwa kwenye kilele cha nguvu zake. Vyama vikuu vya siasa vilikuwa vimejivunja mwaka 1940. Viti vilikuwa 466, na kamati iliyoundwa kwa baraka za serikali ilikuwa imetangaza orodha ya wagombea 466 iliowapendekeza, jina moja kwa kila kiti. Kwa desturi za madikteta wa zama hizo, kazi ilikuwa imekwisha na kilichobaki ni kuhesabu. Hata hivyo watu wengine 613 waligombea bila kupendekezwa, na 85 kati yao wakashinda. Kura zilizowaendea wasiopendekezwa kwa jumla zilikuwa kama theluthi moja ya kura zote.

Uchaguzi huu hutajwa kwa kifupi katika vitabu vya historia, kama kiini macho cha wakati wa vita ambacho hakina la kumfunza mtu. Naona hukumu hiyo ni ya haraka mno. Yaliyotokea 1942 yanaonyesha kwamba kupiga kura kulikuwa kumeota mizizi Japani kiasi kwamba serikali yenye jeshi, polisi na magazeti mkononi haikuthubutu kukufuta, na ilipojaribu kukutawala haikuweza kukutawala kote. Sababu yake haiko sana kwenye ushujaa wa watu wachache, ingawa mashujaa hawakukosekana. Iko katika jinsi kura yenyewe ilivyopangwa kisheria na katika mazoea ya nusu karne. Lakini uchunguzi huohuo unatuonyesha pia mpaka wa nguvu hiyo, kwa maana kura iliyowalinda baadhi ya wabunge haikuzuia hata risasi moja.

Swali la kwanza ni kwa nini uchaguzi ulifanyika kabisa. Uingereza, nchi yenye bunge la karne nyingi, iliahirisha uchaguzi mkuu mpaka 1945. Japani nayo ilikuwa imekwisha kuonja njia hiyo: wabunge waliochaguliwa Aprili 1937 walipaswa kumaliza muda wao 1941, wakaongezewa mwaka mmoja kwa sheria maalumu. Kuongeza tena kungewezekana. Kwa upande mwingine, Hitler aliwapa Wajerumani orodha ya chama kimoja Novemba 1933, na Mussolini aliwapa Waitalia orodha ya kuikubali au kuikataa nzima nzima mwaka 1929 na 1934. Tojo hakuweza kuwaiga washirika wake kwa sababu ya katiba ya 1889. Katiba hiyo ilitolewa kama zawadi ya Mfalme kwa raia wake, nayo ilisema kuna Baraza la Wawakilishi linalochaguliwa na watu, lenye sauti katika bajeti. Kulifuta kungekuwa kuigusa kazi ya Mfalme Meiji, babu yake Mfalme aliyekuwa kwenye kiti. Oktoba 1940 serikali ilipoanzisha Jumuiya ya Kusaidia Utawala wa Mfalme ili iwe mwavuli wa taifa zima, wahafidhina wenyewe waliishambulia. Walidai kwamba chombo kinachojiweka kati ya Mfalme na raia ni utawala wa mashogun, majemadari waliotawala kwa jina la Mfalme, uliorudi kwa mlango wa nyuma, ule ule uliokuwa umeondolewa mwaka 1868. Lawama hizo ziliuma, na jumuiya ikabaki ofisi ya kusambaza maagizo badala ya kuwa chama tawala. Kwa hiyo serikali ilibaki na njia moja: kuufanya uchaguzi kwa sheria zilizopo, halafu kuusukuma kwa mikono yote.

Na mikono haikuwa michache. Februari 23 iliundwa kamati ya kupendekeza wagombea, mwenyekiti wake akiwa Jenerali Abe Nobuyuki, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Waliopendekezwa walipewa fedha za kampeni. Kiasi kinachotajwa sana ni yen 5,000 kwa kila mmoja, zilizochotwa katika fungu la jeshi. Wakuu wa mikoa, ambao hawakuchaguliwa bali waliteuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, waliwatumia walimu, polisi na viongozi wa vijiji kuwanadi watu wa orodha. Vikundi vya ujirani, vilivyokuwa vikigawa chakula cha mgawo na kusimamia mazoezi ya kujikinga na mabomu, vilihimiza kila nyumba ipeleke mpigakura wake. Waliojitokeza walifikia asilimia 83, wakati mwaka 1937 walikuwa asilimia 73. Aliyethubutu kusema alikiona cha moto. Ozaki Yukio, mzee wa zaidi ya miaka 80 aliyekuwa mbunge bila kukatika tangu uchaguzi wa kwanza wa 1890, alimwandikia Tojo barua ya wazi kuupinga utaratibu wa mapendekezo. Kisha, alipokuwa akimnadi rafiki yake Tagawa Daikichiro jijini Tokyo, alitaja msemo wa zamani kuhusu wajukuu wanaotapanya urithi wa nyumba. Kwa kuwa Mfalme wa wakati huo alikuwa wa tatu kuanzia Meiji, Ozaki alishtakiwa kwa kumvunjia Mfalme heshima. Siku chache baadaye wapigakura wa mkoa wa Mie walimrudisha bungeni. Alihukumiwa Desemba mwaka huohuo, na mahakama ya juu kabisa ikamwachia huru 1944.

Iweje basi orodha isitimie? Jibu la kwanza ni la kihesabu. Sheria ya 1925, iliyowapa kura wanaume wote wa miaka 25 na zaidi, iligawa nchi katika majimbo ya viti vitatu, vinne au vitano, lakini kila mpigakura alikuwa na kura moja tu. Katika jimbo la viti vitano, mgombea aliyepata zaidi ya sehemu moja ya sita ya kura hakuweza kushindwa, hata waliobaki wote wangefanya njama dhidi yake. Katika jimbo la viti vitatu alihitaji kuzidi robo moja. Anayetaka kuvizoa viti vyote vitano ana kazi ngumu: lazima awagawie wagombea wake watano kura kwa mizani karibu sawa, mtaa kwa mtaa na kijiji kwa kijiji. Mmoja akipendwa kupita kiasi, anawapunguzia wenzake wa orodha na kumfungulia mlango mtu wa nje. Haikutosha kuwaambia watu wawapigie kura waliopendekezwa. Ilibidi kila mtu aambiwe ampigie yupi hasa. Juu ya hayo, karatasi ya kura haikuwa na majina wala alama za vyama. Ilikuwa tupu, na mpigakura aliandika mwenyewe jina la mtu anayemtaka, kwa siri. Utaratibu wa namna hiyo unampa nguvu mtu anayejulikana kwa jina na unaidhoofisha amri inayotoka mbali.

Jibu la pili ni la kihistoria. Mwaka 1890, uchaguzi wa kwanza ulipofanyika, waliokuwa na haki ya kupiga kura hawakufika nusu milioni, sawa na mtu mmoja hivi kwa kila mia, kwa sababu sheria ilitaka mpigakura awe mwanamume anayelipa kodi ya moja kwa moja ya yen 15 au zaidi. Kura yenyewe haikuwa ya siri, kwani mpigakura aliandika jina lake kwenye karatasi na kugonga muhuri wake. Miaka miwili baadaye, Februari 1892, Waziri wa Mambo ya Ndani Shinagawa Yajiro aliwaachia polisi na wahuni wawashughulikie wapinzani wa serikali. Watu 25 waliuawa na mamia wakajeruhiwa, hali ikiwa mbaya zaidi katika mikoa ya Kochi na Saga. Serikali haikupata bunge ililolitaka. Baraza lililochaguliwa chini ya marungu lilipitisha azimio la kulaani marungu hayo, Shinagawa akajiuzulu, na kabla ya mwaka kwisha waziri mkuu Matsukata Masayoshi naye alikuwa ameondoka. Siri ya kura ilikuja 1900. Mwaka 1928, katika uchaguzi wa kwanza wa wanaume wote, Waziri wa Mambo ya Ndani Suzuki Kisaburo aliwatumia tena wakuu wa mikoa na polisi kukibeba chama chake cha Seiyukai. Kilichopatikana ni kumpita mpinzani, Minseito, kwa tofauti isiyozidi viti viwili, na Suzuki akalazimika kujiuzulu. Serikali za Japani, kwa hiyo, zilikuwa na uzoefu mrefu wa kuvuruga uchaguzi, na wapigakura walikuwa na uzoefu mrefu vilevile wa kuvurugwa. Katika miaka hiyo 50 kila mwanasiasa wa maana alijijengea ngome yake: wenye mashamba, watengeneza pombe ya mchele, wakuu wa shule, madiwani, na watu aliowasaidia kupata reli, daraja au kazi. Ngome hizo zilikuwa za mtu binafsi zaidi kuliko za chama. Vyama vilipovunjwa 1940, juu kulibomoka na chini kukabaki.

Tazama aliyoyapata Saito Takao. Februari 1940 alisimama bungeni akauliza vita ya China ina lengo gani na itakwisha vipi, akisema maneno matakatifu yanayoipamba yanaficha utupu. Mwezi uliofuata wenzake walimvua ubunge kwa kura 296 dhidi ya 7, wengine wengi wakikwepa kupiga kura. Mwaka 1942 aligombea bila kupendekezwa katika jimbo la 5 la mkoa wa Hyogo, nyumbani kwake, na akawa wa kwanza kwa wingi wa kura. Hatoyama Ichiro, aliyekuja kuwa waziri mkuu 1954, alishinda nje ya orodha. Miki Takeo, aliyeshika wadhifa huohuo 1974, alishinda nje ya orodha huko Tokushima. Katika mkoa wa Yamaguchi, Abe Kan alishinda bila kupendekezwa, wakati katika jimbo jirani Kishi Nobusuke, waziri wa biashara na viwanda katika serikali ya Tojo, alishinda akiwa ndani ya orodha. Watoto wa wawili hao walikuja kuoana, na mjukuu wao alikuwa Abe Shinzo, aliyekuja naye kuwa waziri mkuu. Katika watu hawa huwezi kupata itikadi moja inayowaunganisha. Kinachowaunganisha wale wa nje ya orodha ni kwamba kila mmoja alikuwa na watu wanaomjua na kuliandika jina lake, tangazo la Tokyo liseme litakavyo.

Pingamizi la kwanza linajitokeza lenyewe: wagombea 381 wa orodha walishinda, yaani zaidi ya wanane katika kila kumi, na hakuna serikali inayolilia matokeo ya namna hiyo. Ni kweli kwamba Tojo hakushindwa. Lakini inafaa kuuliza hao 381 walikuwa nani. Kamati ya Jenerali Abe ilianza na hoja ya damu mpya, watu wasio na uchafu wa vyama vya zamani. Ilipofika kwenye kuandika majina, ilijaza zaidi ya wabunge 200 waliokuwa tayari bungeni, wengi wao wakongwe wa Seiyukai na Minseito. Haikufanya hivyo kwa kuwapenda. Ilijua kwamba mkongwe mwenye ngome akiachwa nje anaweza kushinda kwa nguvu zake na kuiaibisha orodha, kwa hiyo ilikuwa nafuu kumpendekeza kuliko kushindana naye. Sehemu kubwa ya ushindi wa orodha ilikuwa ni serikali kuweka muhuri wake juu ya chaguo ambalo wapigakura walikuwa wamekwisha kulifanya mwaka 1937. Idadi ya 381 haipimi utii wa wapigakura peke yake. Inapima pia jinsi kamati ilivyowainamia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sehemu yake kubwa lazima ikubaliwe. Wale 85 hawakuwa kambi ya wapenda amani. Miongoni mwao walikuwamo Nakano Seigo na wenzake wa kikundi cha Tohokai, waliokuwa wakimsifu Hitler, na Sasakawa Ryoichi, mzalendo wa kulia kabisa; hao walimwona Tojo amelegea. Baada ya uchaguzi, tarehe 20 Mei, iliundwa Jumuiya ya Kisiasa ya Kusaidia Utawala wa Mfalme, na karibu wabunge wote, wa orodha na wasio wa orodha, wakaingizwa humo. Bajeti za vita ziliendelea kupita. Juni 1943 Nakano na Hatoyama walipojaribu kupinga hadharani jinsi serikali inavyoliburuza bunge, waliishia kutoka katika jumuiya hiyo; Nakano alikamatwa baadaye na kujiua Oktoba. Kama uchaguzi unapimwa kwa uwezo wa kubadili sera, ule wa 1942 haukubadili kitu. Wanawake hawakuwa na kura, na mswada wa kuwapa kura katika serikali za mitaa ulikuwa umefia katika Baraza la Makabaila, baraza la juu la bunge, mwaka 1931. Mamilioni ya Wakorea na Wataiwani waliotawaliwa na Japani makwao hawakuwa na mbunge wa kumchagua. Lakini hoja hapa si kwamba Wajapani waliikataa vita kwenye sanduku la kura, kwa kuwa hawakuulizwa. Hoja ni kwamba serikali ilitaka bunge lililochujwa na ikapata bunge lililochanganyika, na sababu za mchanganyiko huo zilikuwa za kitaasisi. Taasisi inaweza kumkinga mtu asifutwe bila kuwa na nguvu ya kumfanya asikilizwe. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Saito: alirudi bungeni, na vita aliyoihoji ikaendelea miaka mitatu zaidi.

Kuna ushahidi mwingine usiohusu ngome za wanasiasa hata kidogo. Katika jimbo la 2 la Kagoshima wagombea walioshindwa walikwenda mahakamani wakidai kwamba mkuu wa mkoa na watumishi wake waliuharibu uchaguzi. Mashauri ya namna hiyo kutoka majimbo mengine yaligonga mwamba. Hili lilifika kwa jaji Yoshida Hisashi wa mahakama ya juu kabisa, ambaye alisafiri na wenzake mpaka Kagoshima, mwendo wa siku nzima na zaidi kwa treni, wakawahoji mashahidi zaidi ya 180, akiwemo aliyekuwa mkuu wa mkoa. Tarehe 1 Machi 1945, siku tisa kabla ya mabomu ya moto kuteketeza sehemu kubwa ya Tokyo, mahakama ilibatilisha matokeo ya jimbo zima na kuamuru uchaguzi urudiwe. Yoshida alijiuzulu siku chache baadaye. Mtu anaweza kusema hukumu ya miaka mitatu baadaye, katika jimbo moja tu, ni tone baharini. Ni kweli kwa matokeo yake, lakini si kwa maana yake. Nchi ikiwa imezingirwa, sheria ya uchaguzi ilikuwa bado inasomwa kama sheria, na serikali ya kijeshi ikatii: kura ilirudiwa Kagoshima mwezi huohuo.

Pingamizi la mwisho ni lile linalosema demokrasia ya Japani ililetwa na Jenerali MacArthur, mkuu wa majeshi yaliyoikalia Japani baada ya vita, na yaliyotangulia ni utangulizi usio na uzito. Marekani ilileta mengi, na bila kushindwa vita jeshi lisingeachia madaraka. Lakini tazama nani aliyeandika sheria ya kuwapa wanawake kura. Mswada uliandaliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani chini ya Horikiri Zenjiro, na Desemba 1945 ulipitishwa na bunge lilelile la 1942, ambalo lilivunjwa mwezi huohuo. Sheria hiyohiyo iliwaengua Wakorea na Wataiwani waliokuwa wakiishi Japani na kupiga kura humo, kwa hiyo si ya kusifiwa yote. Mwezi uliofuata amri ya kuwasafisha wanasiasa wa vita iliwapiga marufuku karibu wote waliopendekezwa 1942; orodha iliyokuwa njia ya kuingia bungeni ikawa hati ya mashtaka. Tarehe 10 Aprili 1946 wapigakura, ambao sasa walikaribia milioni 37, walichagua bunge lenye wanawake 39. Watu walijua la kufanya vituoni, wasimamizi walijua kuhesabu, na wagombea walijua kwamba kazi yao ni kutembea kijiji kwa kijiji. Elimu hiyo haikushuka na ndege ya MacArthur.

Mwendelezo huo una sura yake mbaya. Utaratibu wa kura moja katika majimbo ya viti vingi ulirejeshwa 1947 na ukadumu mpaka uchaguzi wa 1993. Ngome za watu binafsi zikageuka jumuiya za wafuasi zinazolishwa kwa fedha, barabara na zawadi za harusi, na viti vikaanza kurithiwa kutoka baba hadi mwana. Kishi, aliyeshinda kwa orodha 1942 na kupigwa marufuku baada ya vita, alirudi bungeni 1953 na kuwa waziri mkuu 1957. Kitu kilichomzuia Tojo kulimiliki bunge ndicho kilichofanya iwe vigumu kuwaondoa wanasiasa waliochoka au waliochafuka. Hakuna haja ya kushangaa. Uchaguzi wa 1942 haukuokolewa na wema wa wapigakura bali na uhusiano wao na watu wanaowajua, na uhusiano wa namna hiyo hauchagui kati ya Saito na Kishi. Anayetaka kujua kama uchaguzi chini ya mkono wa chuma una maana yoyote, asiishie kuhesabu viti vya serikali. Aangalie kura inapigwaje, nani anaweza kugombea bila ruhusa, na mahakama inaweza kubatilisha nini. Mambo hayo yakibaki hai, uchaguzi unaweza kupita katika udikteta bila kufa. Ila kupita salama si sawa na kushinda, na Wajapani waliopiga kura Aprili 1942 walilipa tofauti hiyo kwa miaka mitatu ya vita.